Kwa Nini Yusuf Hakutoroka?

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa tumekaa barazani katika Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa inazunguka na kashata zi sahanini, akatokea kijana mmoja anayesoma chuo kikuu, kitabu kwapani. Akatoa salamu, akaitikiwa, akasogezewa mkeka. Alipokwisha kunywa kikombe cha kwanza alinielekea mimi, kwa kuwa hapo barazani ndimi nijulikanaye kwa kushika kalamu, akasema, "Maalim, hiki umekisoma?"

Nikakitazama. Kilikuwa *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah.

"Nimekisoma," nikamjibu.

"Basi nitatulie tatizo. Huyu Yusuf kachukuliwa kwao ni mtoto wa miaka 12. Hakutiwa pingu, hakufungiwa chumbani. Alikaa dukani na njia aiona. Miaka ikapita, akawa barobaro mwenye nguvu zake. Kwa nini hakutoroka akarudi kwa mamake?"

Watu wa baraza hawakosi jawabu. Mmoja alisema ni woga. Wa pili alisema ni adabu ya watoto wa zamani, ambao wakiambiwa kaa, walikaa. Wa tatu, ambaye kitabu chenyewe hata hajakigusa, alisema ni kudra. Mimi nilishika lile la adabu, nikalipamba kwa maneno mawili matatu, na watu wakatikisa vichwa. Kijana naye alitikisa kichwa, lakini nilimwona usoni kwamba amenyamaza kwa heshima tu. Swali lake halikujibiwa. Nami usiku ule sikulala vizuri. Mtu wa umri wangu, aliyepita chuoni akaihifadhi Surat Yusuf kabla hajajua kufunga shuka yake vyema, kisha ashindwe na swali la Yusuf!

Ndipo nilipokusudia kuufuata mzizi wa riwaya hii, nijue dunia iliyoizaa ilikuwa dunia gani, na watu wake waliishi kwa sheria na desturi zipi. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili za vitabu. Ilinichukua miezi, na iliponifikisha sikupatazamia, maana ilinirudisha nyumbani kwetu.

KITABU CHENYEWE

Kwa msomaji ambaye hajabahatika kukipata, nitaeleza kwa ufupi. Riwaya hii iliandikwa kwa Kiingereza kwa jina la *Paradise*, ikachapishwa mwaka 1994, na mwaka huo huo ikaingia katika orodha ya mwisho ya kugombea tuzo ya Booker. Mwandishi wake alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964 kwenda kuishi Uingereza. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka uliofuata kitabu hiki kikatoka kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kwa hiyo hadithi ya watu wa pwani ilizunguka miaka 28 katika lugha ya wenyewe wasioijua pwani, ndipo ikarudi kwa wenyewe.

Hadithi yatokea katika nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara, katika miaka ya kuelekea vita vya 1914. Baba yake Yusuf ana hoteli ndogo katika mji wa bara penye kituo cha gari la moshi. Hapo hupita tajiri mmoja wa pwani, Aziz, ambaye mtoto amezoeshwa kumwita kama ndugu wa wazazi wake. Kila apitapo humpa mtoto sarafu. Siku moja mtoto aambiwa afungashe nguo, atakwenda na mgeni safari. Afikapo pwani akutana na kijana wa dukani, Khalil, naye Khalil amtoa tongo machoni. Huyu si mjomba wako wala ami yako. Huyu ni bwana wako. Baba yako ana deni lake, na wewe ndiwe rehani ya deni hilo.

Neno hilo, rehani, ndilo lililonikaa kichwani.

MLOLONGO WA MADENI

Nilianza na biashara ya misafara, kwa sababu nusu ya riwaya ni safari ya kwenda bara. Hapa sisi watu wa Kiswahili tuna bahati, kwani wazee wetu waliandika wenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Naye Mjerumani Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam, aliwaandikisha Waswahili habari za safari zao na desturi zao, akazichapisha katika vitabu viwili, cha mwaka 1901 na cha mwaka 1903. Humo yumo Selemani bin Mwenye Chande, asimuliaye safari yake ya biashara bara. Yumo Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mzungu mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Na yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye mengi ya kitabu cha desturi yatoka kwake, na ambaye baadaye alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin na akafia huko mwaka 1927.

Msomaji akiyasoma maandishi hayo kisha akairudia *Peponi*, atakuwa kama mtu aingiaye nyumba ya jirani akaviona vyombo vya babu yake. Merikani na kaniki, shanga na masango, mnyapara na wapagazi, hongo kwa kila mtawala wa njiani, maradhi, mito, na msafara ulioondoka na shangwe ukarudi mifupa mitupu. Wasomi waliovilinganisha vitabu hivi wameonyesha kwamba mwandishi alikunywa katika kisima hicho. Hakuiba. Alikwenda kuwasikiliza wazee, kama ipasavyo.

Lakini kubwa nililolipata humo ni deni. Sisi tukizikumbuka zama za misafara twakumbuka pembe za ndovu, majumba ya mawe na milango ya nakshi. Twasahau kwamba karibu kila kitu kilichopakiwa kichwani mwa mpagazi kilikuwa mali ya mkopo. Hata Tippu Tip mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, mtaji wake ulitoka kwa tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Tajiri wa mjini alimkopesha mwenye msafara. Mwenye msafara aliwakopesha wenye vijiduka njiani. Mwenye kijiduka aliwakopesha jirani zake. Pembe zikija, kila mtu hulipwa. Zisipokuja, kila mmoja humgeukia aliye chini yake. Na kamba, kama tujuavyo, hukatikia pembamba.

Kisha mambo yakabadilika. Wajerumani waliingia pwani ya Mrima, wakawashinda akina Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wakajenga reli. Ya Tanga ilianza 1893, na ile ya kati ilianza Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914. Mizigo ikaanza kupanda garini badala ya vichwani. Huo ndio wakati wa riwaya, wakati mlolongo wa madeni wakatika na kila mtu anatafuta cha kushika. Baba yake Yusuf alikuwa mwisho wa kamba. Hakuwa na shamba, hakuwa na pembe, hakuwa na dhahabu. Alikuwa na mtoto.

MTU KUWA REHANI

Nilipofika hapo nilijiambia, haya ni ya Mrima na bara ya Wajerumani, sisi wa Mombasa hayatuhusu. Nilijiambia uongo.

Katika mwaka ule ule wa 1994 ilipotoka riwaya, kilitoka kitabu kingine cha wanahistoria, juu ya desturi ya kuweka watu rehani katika Afrika. Ndani yake mna mlango mzima juu ya pwani yetu ya Kenya na ndugu zetu Wamijikenda. Njaa kubwa ya mwaka 1884, ambayo wazee waliipa jina la Mwakisenge, na ile ya 1898 hadi 1900, ziliwatoa watu vijijini wakaja mjini na mashambani kwa Waswahili na Waarabu kutafuta chakula. Asiyekuwa na kitu cha kuuza alimleta mtoto, au mpwa, au ndugu mdogo. Mapatano yalikuwa kwamba mtoto atakaa kwa mwenye nafaka na kumtumikia, mpaka kwao wapate cha kumkombolea. Wengine walikombolewa. Wengine, waliokuja kuwakomboa walikufa, au waliwakuta watoto wamehamishwa, na kuna waliouzwa mbali kama watumwa.

Mtumwa alikuwa na jina lake katika sheria. Serikali ilipovunja utumwa ilijua yavunja nini. Unguja ilikuwa mwaka 1897, kwetu pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922 chini ya Mwingereza. Kwetu wenye watumwa hata fidia walilipwa. Watumwa hawakulipwa chochote. Lakini mtoto wa rehani hakuwa mtumwa kwa jina. Alikuwa "mtoto wa nyumbani". Aliitwa mwanangu, akaita baba. Alikula sinia moja na wenziwe, akavaa Idi. Ukimuuliza mwenye nyumba, atakwambia huyu namlea. Na labda kweli alimlea! Ndiyo maana jambo hili halishikiki. Pingu huonekana, lakini wema uliochanganyika na deni hauonekani.

Hapo nikaanza kumwelewa Yusuf. Angetoroka kwa nani? Aliyemtoa ni baba yake mwenyewe. Akirudi, anarudi na deni mgongoni. Na Khalil, ambaye deni la baba yake lilikwisha kufutwa kwa kuolewa Amina, dada yake wa kulelewa, na Aziz huyo huyo, naye hakuondoka. Angeondokaje amwache dada ndani? Kila mmoja amefungwa kwa mtu ampendaye. Kamba ya namna hiyo haihitaji fundo.

ALIYOYASEMA SHANGAZI

Nina shangazi aliyepita miaka 80, macho yamepungua lakini akili iko kama sindano. Nilikwenda kumjulia hali, na katika mazungumzo nikamuuliza, bila ya kukusudia jambo, kama aliwahi kusikia habari za watu kuwekwa rehani.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwani wewe humkumbuki bibi yako wa jikoni?"

Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa mzee sana nilipokuwa mdogo, mwembamba, mikono ina nguvu kuliko mwili. Alifariki mimi nikianza shule. Ndiye aliyenioga, ndiye aliyenifunika usiku, ndiye aliyekuwa akinipa ukoko wa wali kwa siri. Tulimwita Bibi kama tulivyomwita bibi mwenyewe wa kunizalia baba, na sikupata siku moja kuuliza kwa nini bibi mmoja alala chumba cha uani na mwingine kitandani penye chandarua.

"Hakuwa mtumwa yule, mwanangu," alisema shangazi. "Usimwite mtumwa. Alikuya mwaka wa ndaa, meno ya utoto yakimtoka. Babake alimleta kwa pishi kumi za mtama. Akasema mvua ikinya atakuya kumtwaa. Mvua ikanya."

"Na babake?"

"Hakuya."

"Hakuja kabisa, au alikuja akakatazwa?"

Shangazi akapangusa kinywa kwa ncha ya leso. "Hayo aliyajua mamangu, nami sikumuuliza. Wewe pia hukuuliza."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli.

Aliniambia na jingine. Katika khitma na katika karatasi, Bibi aliitwa binti Abdalla. Mimi siku zote nilidhani Abdalla ni baba yake. Shangazi akacheka kidogo, cheko lisilo furaha. Wengi walioingia nyumba za watu bila ya baba walipewa jina hilo, maana sote ni waja wa Mwenyezi Mungu, na jina hilo halimkosei mtu. Jina zuri kweli, lakini lilitandikwa juu ya jina la mtu mwingine, baba aliyekuwa na kaya yake na mbari yake, likamfunika. Jina alilokuja nalo Bibi kutoka kwao, shangazi alilisikia mara moja tu, usiku Bibi akiumwa homa. Aliniambia. Silitii gazetini, kwani watu wake wana haki ya kulisikia kabla ya wengine wote.

NILIPOUFUNGUA MSAHAFU TENA

Nilirudi nyumbani nikatawadha, nikaufungua msahafu. Surat Yusuf ni sura ya 12, aya 111, na nimeisoma mara nisizoweza kuzihesabu. Sote twajua kwamba riwaya imeegemea hapo. Kijana mzuri wa sura, kuingizwa nyumba ya Aziz, mke wa bwana ambaye mapokezi yamwita Zulekha na riwaya pia, na nguo kuchanika kwa nyuma. Waandishi wengi wamelieleza hilo na sina la kuongeza. Nilisoma safari hii nikiwa na pishi kumi za mtama kichwani. Na mtu asomapo akiwa na jambo moyoni, aya humwonyesha uso mwingine.

Nikafika pale ndugu zake Yusuf wanapokuja Misri. Wamekuja kwa nini? Kwa njaa. Wanataka nini? Nafaka. Kitu gani kinakutwa katika mzigo wa ndugu yao mdogo? Pishi ya mfalme. Sheria ikataka yule mdogo azuiwe. Ndugu zake wakaomba. Baba yetu ni mzee sana, mchukue mmoja wetu badala yake. Naye Nabii Yusuf alikataa. Alijikinga kwa Mungu asije akamshika mtu asiyekuwa yule aliyekutwa na kitu, akasema kwamba kufanya hivyo ni dhulma.

Nilifunga msahafu nikakaa kimya. Njaa, nafaka, pishi, na mtu kushikwa badala ya mtu. Yote yamo, na hukumu yake imo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita juu ya aya hizo kwa sauti nzuri na tajwidi sahihi, sijui zanieleza nini!

Hapo nikamkumbuka Kalasinga, yule fundi wa magari katika riwaya, Singasinga mcheshi, ambaye azua ubishi barazani kwa kusema ataifasiri Kurani kwa Kiswahili ili watu wajue wanachokisoma. Wenzake wamcheka, kwani hata Kiarabu hakijui. Tusomapo twacheka pia. Lakini tarehe zatwambia kwamba mzaha huo una mfupa ndani. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na kasisi wa Kikristo, Godfrey Dale wa Unguja. Ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambayo ndiyo iliyoingia majumbani mwetu, ilikamilika kuchapishwa mwaka 1969. Na hapa kwetu Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947, alitumia umri wake kuwahimiza watu waielewe dini yao kwa lugha yao. Hakuwa akipoteza wakati wake. Mimi nilihifadhi bila ya kufahamu, na nyumba yetu ilikula na kusali pamoja na jambo ambalo sura tuliyoihifadhi yalikataza.

Niliwauliza wajuzi wa fiqhi pia, wasije wakasema naingilia ilimu za watu. Rehani katika deni ni halali, imetajwa katika Surat Al-Baqara. Lakini rehani huwa mali, kitu kiwezacho kuuzwa deni lisipolipwa. Muungwana, yaani mtu huru, si mali ya mtu. Hawezi kuuzwa, basi hawezi kuwekwa rehani. Baba hana mamlaka hayo juu ya mwanawe. Kwa hiyo desturi ile ilitwaa neno la sheria ikalivika jambo ambalo sheria haikulikubali. Neno likawa safi, na jambo likabaki chafu.

Katika riwaya yumo mzee atunzaye bustani, Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru wake na bibi wa nyumba akaukataa. Yusuf amuuliza kwa nini, naye mzee ajibu kwa swali. Nani aliyemwambia bibi yule kwamba uhuru wangu ni wake hata aweze kunizawadia? Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni ukaidi wa wazee. Leo naona mzee yule alikuwa faqihi kuliko wengi wetu.

JAWABU LANGU KWA KIJANA

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa ami, aliposikia kwamba nataka kuyaandika haya alinijia usiku. Aliniomba niwaache wafu walale. Alisema kwamba wazee wetu walimwokoa mtoto yule na kifo, walimlisha, walimsomesha dini, walimzika kwa heshima, na leo mimi nataka kuwavua nguo mbele ya watu. Ni mtu mwema, nami nampenda, na maneno yake si ya kupuuzwa. Bila ya mtama ule huenda mtoto na babake wangekufa wote.

Lakini nilimjibu kwa jambo tunalolikubali sote. Mtu afapo, kabla ya kugawa mirathi hulipwa madeni yake. Ndiyo sheria. Sisi tumerithi nyumba, tumerithi minazi, tumerithi na heshima. Je, lile deni lililipwa? Pishi moja ni vibaba vinne. Pishi kumi ni vibaba 40. Mwanamke yule alitumika nyumbani mwetu miaka sabini na kitu. Nani kati ya pande mbili aliyekuwa akimdai mwenziwe alipofariki? Ndugu yangu hakunijibu. Aliniaga kwa salamu, akaenda zake, nami sijui kama amekubali.

Ijumaa iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Nikamwambia: ulinipa swali, nami nilikupa pambo la maneno, sasa shika jawabu. Yusuf hakutoroka kwa sababu ufunguo hakuwa nao Aziz peke yake. Ulikuwa kwa baba aliyemtoa, kwa mama aliyelia akanyamaza, kwa Khalil aliyemfunza kazi, na kwa jamii nzima iliyoliita jambo hilo kwa jina la heshima. Mtu aweza kutoroka nyumba. Kuitoroka desturi, wakati kila aliye nje ya nyumba aijua na kuiridhia, ni kazi nyingine.

"Lakini mwisho alikimbia, Maalim," alisema kijana.

Kweli alikimbia. Katika kurasa za mwisho askari wa Kijerumani wapita wakikamata watu, na Yusuf, aliyekuwa amejificha, atoka akafuata nyuma yao. Nabii Yusuf alitoka gerezani akawekwa juu ya hazina za nchi. Yusuf wa riwaya atoka mikononi mwa bwana mmoja akaingia mikononi mwa mwingine, mwenye bunduki. Na historia yatwambia kilichowangoja vijana wa namna yake. Vita vilianza Agosti 1914, na jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki halikusalimu amri hata Novemba 1918. Pande zote mbili ziliwabebesha Waafrika mizigo, wakafa kwa maelfu njiani kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi hao. Mwandishi hakumpa Yusuf mwisho mwema kwa sababu nyakati zile hazikuwa nao wa kumpa.

Kijana aliniuliza sasa nitafanya nini. Nikamwambia ninalo jina moja, na jina la kijiji upande wa Ribe, ambalo shangazi analikumbuka nusu nusu. Nitakwenda na kuuliza kwa adabu kama kuna mbari iliyopoteza binti mwaka wa njaa. Pengine hawapo. Pengine wapo na hawataki kuniona. Nikipata mlango wa kubisha, nitabisha.

Nanyi wasomaji, mkiisoma *Peponi*, msiishie kitabuni. Nendeni kwa shangazi zenu na bibi zenu kabla macho hayajafumba, mkaulize nani alilala chumba cha uani, na alitoka wapi, na kwao aliitwa nani. Shangazi yangu aliponipa jina lile alinishika mkono akaniambia nimsomee Bibi khitma, na safari hii nimtaje kwa jina lake.

Nimemsomea. Nilipofika katika dua nilisema binti wa fulani, baba wa kweli, yule aliyeahidi kurudi mvua ikinya. Shangazi akaitikia amina.